Mwalimu Marcelina wa Herufi za Gunia

Mwaka umekatika, Mama, tangu tulipokurudisha Ilagala ulikozaliwa, tukakulaza jirani na Bibi.

Baba amesema kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako niseme mimi, Leonia, mtoto wako wa kwanza. Nasema mimi, mdogo wangu Esther anaandika kwenye simu, maana kuandika kwangu unakujua. Mdogo wetu Bariki amekaa mlangoni anasikiliza, nisije nikaaibisha ukoo.

Ulikuwa mpole kwa watu, hilo hakuna wa kulipinga. Kutoka nyumbani Gungu mpaka sokoni Mwanga ulitumia saa nzima, kwa sababu kila uliyekutana naye lazima usimame, umsalimu, umuulize wa kwao hawajambo. Mgebuka ukipikwa, wewe ulichukua mkia, minofu ukawapa wageni. Na wageni wenyewe walikuwa walimu. Kila siku walimu!

Niseme ukweli, Mama: niliwaonea wivu walimu wale. Bado nawaonea.

Ulifundisha darasa la kwanza na la pili miaka mingi, na mimi nilikuwa humo humo darasani mwako. Herufi zilinichezea. Neno nililolisoma jana, leo silijui. Darasa la pili nililirudia mara mbili. Wewe ulidhani ni uvivu, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa mwalimu, fimbo zangu zilizidi za wenzangu. Nikamaliza shule siwezi kusoma hata barua, nikashika cherehani.

Halafu, nikiwa tayari na watoto wangu, ukaenda semina ukarudi na neno jipya: disleksia. Ukatueleza mezani kwamba kuna watoto wenye akili zao nzuri kabisa, ila herufi hazikai kichwani kwa kutazama ubaoni tu. Inabidi wazione, wazisikie na wazishike, vyote kwa pamoja. Ulieleza vizuri mno. Ulimtazama Baba, ukamtazama Bariki, mimi hukunitazama. Nikasubiri neno moja tu, samahani. Ukaomba chumvi.

Toka hapo ukawa mwalimu wa walimu. Ulikuwa unawaanzia na mchezo: kila mmoja aweke karatasi kwenye paji la uso, aandike jina lake. Herufi zinatoka kinyumenyume, wanacheka, na wewe unawakaripia kama wanavyowakaripia watoto: "Haraka! Mbona mwenzako amemaliza? Mvivu wewe!" Mwalimu Mwinshehe wa Ujiji, mtu mzima na mvi zake, alitoka jasho. Wakishaonja hivyo ndipo unawapa sinia la mchanga wa ziwani, waandike kwa kidole huku wakitamka sauti ya herufi. Kisha unawafunga macho kwa vipande vya kitenge, wapapase herufi za gunia mpaka wazitambue kwa vidole.

Na herufi hizo nani alizishona? Si mimi huyu! Seti kumi na nne, pale kwenye kibanda changu sokoni Mwanga. Kila nikikata gunia najiambia: haya, Leonia, washonee watoto wa wenzako wafundishwe na mama uliyemkosa wewe. Siku moja ulikuja, ukashika M, ukaniambia taratibu, "Pitisha kidole, mwanangu. Itamke." Wivu ulikuwa umenijaa. Nikakujibu, "Mama, nina wateja." Ukaondoka, na hukujaribu tena. Hilo kosa ni langu.

Siku ya msiba, Mwalimu Nehemia, uliyemfundisha hapa Gungu, alinifuata kule jikoni akina mama walikokuwa wanapika.

"Samahani, wewe ndiye dada Leonia?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, dada. Sisi sote tunakujua. Kila semina, kabla hajatupa mchanga, Mama alikutaja kwa jina. Alikuwa anasema, mwanangu Leonia nilimpiga kwa kosa ambalo si lake. Nilimwonea, na sijui nianzie wapi kumwomba radhi. Nyinyi msifanye kama mimi."

Loo, Mama! Walimu wa wilaya nzima wamenililia, wamekunywa soda zao, wamerudi makwao, na mimi niko Mwanga natunga uzi kwenye sindano, sijui lolote! Samahani yangu wameipata watu ambao hukuwahi kuwagusa hata kwa ukucha. Siku ile nililia zaidi kwa hasira kuliko kwa msiba. Watu wakanishika wakidhani ni uchungu. Ungepanda bodaboda tu, Mama. Dakika kumi, ungenikuta.

Baba hapa ananikatiza: "Hayo tuyamalize nyumbani, Leonia." Nimemwambia, "Baba, yeye mwenyewe hakuyamalizia nyumbani." Amemwambia Esther aendelee kuandika.

Basi sikia, Mama. Uliniomba radhi mbele za watu, na mimi nakujibu mbele za watu. Nimekusamehe. Nimekusamehe fimbo zote, na ile chumvi pia. Na wewe unisamehe ile siku ya wateja. Nilitamani sana kukutamkia ile herufi.

Unakumbukwa na mumeo Thobias. Sisi wanao Leonia, Bariki na Esther. Wakwe zako na wajukuu zako sita. Dada yako Veneranda wa Ilagala. Na walimu wako. Hao Esther ameng'ang'ania waandikwe, nami nimekubali.

Siku zetu zote tutakutaja, Mama Marcelina. Na nyinyi walimu wa Ujiji, Ilagala na Gungu mnaosoma hapa: hili la msamaha nimemwambia mwenyewe kwanza, nyinyi mmelisikia baadaye.