Karatasi ya Njia Imeondoka na Kambale Mwingine

Wewe ambaye daftari hili limekuangukia mikononi, nakuomba kwa jina la mama yako: usilisome kwa sauti, usimwonyeshe mtu yeyote, hata mkeo, hata padri. Humu mna majina na njia. Neno moja likitoka tutakufa watu wanne, na wawili kati yao bado hawajui hata kusema uongo.

Butembo, Jumatano. Ukungu umekalia Bulengera tangu alfajiri na haunyanyuki. Nimeketi juu ya gunia la maharage nyuma ya nyumba, mlango nimeuacha wazi nisikie mtu akija.

Naogopa. Afadhali nilitangulize hilo, maana kila nitakachoandika leo kimetoka huko.

Watu wanasema waasi wako Mangurejipa. Wengine wanasema wamekwisha kupita hapo. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: wakifika mahali, huuliza kwanza ni nani anayejua kuandika. Uhuru ulipokuja, kalamu kwenye mfuko wa shati ilikuwa heshima; wasichana waliiona kabla ya kuona sura. Sasa tai yangu nimeizika chini ya mgomba, na jioni tatu hizi nimelima shamba la jirani ili mikono yangu ipate malengelenge. Jirani alitazama matuta yangu akacheka: "Karani, weye unalima ama unaandika?"

Sikucheka.

Kwa mwezi mzima mimi na mke wangu Masika tumekuwa tukichagua mahali pa kuishi ng'ambo, Uganda. Mimi ni mtu wa fomu, kwa hiyo nilichukua fomu kuukuu ya ofisi, nikageuza upande wa nyuma, nikachora safu tatu. Fort Portal: baridi kama hapa, shule nzuri, lakini watu wa milima wanaosema lugha yetu wamegombana na wenyeji wa mji ule, na mgeni akifungua mdomo tu anatazamwa vibaya. Kasese: reli, kazi, watu wa kila kabila, lakini joto, na mbu wa kumaliza watoto. Bwera: karibu mno na mpaka, lakini lugha ni yetu, viazi ni vyetu, na mtoto akilia jirani anaelewa analilia nini. Masika alitaka Bwera. Mimi nilitaka Fort Portal. Usiku hatukulala vizuri, mchana tulinuniana.

Aliyetupatanisha ni ndoyi wangu.

Lazima nieleze. Ndoyi ni mtu mnayeitwa jina moja. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa: mwana wa pili wa kiume ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika. Mimi ni Kambale. Yeye pia ni Kambale, karani mwenzangu, tumeketi meza moja miaka yote hii, yeye daftari la ndoa na vizazi, mimi mashine ya kuandikia. Mke wangu ni Masika, mke wake ni Masika. Mwanangu wa kwanza ni Paluku, na wake vilevile, wamepishana miezi tu. Kila mmoja wetu ana mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Siku ya harusi yangu alisimama na glasi akasema, "Ndoyi, tukibadilishana nyumba, hata mama zetu watachelewa kujua!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia.

Basi ndoyi alisoma safu zangu tatu, akapiga meza kwa kiganja. "Bwera! Ndoyi, unawaza nini tena? Mais, lakini, mutu anakimbia na bibi na batoto, anaenda kukaa na batu hawajue lugha yake?" Nikakubali. Nikamwandikia mjane wa katekista mmoja kule, mwenye vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Jibu lilikuja na lori: vyumba amekwisha kuvifagia, anamngoja Kambale, karani wa Butembo, na watu wake watatu. Tuliisoma barua ile pamoja, mimi na ndoyi, vichwa vikigusana.

Ilibaki karatasi ya njia. Bila karatasi hiyo askari wa kizuizi cha Kasindi, mpakani, hawamruhusu mtu kupita. Nikakaa kwenye mashine. Nilianza na jina langu la ubatizo, kama kawaida, na kazi yangu. Ndoyi akashika mkono wangu. "Jina la ubatizo litakuua. Waasi wakikukamata njiani watajua umesoma. Na hiyo 'karani', futa. Andika Kambale tu, mulimaji."

Niliona ni akili. Nilimshukuru. Nikatoa ile karatasi, nikaweka nyingine safi: Kambale, mlimaji, mkewe Masika, mtoto Paluku, mtoto mchanga mmoja. Mkubwa wetu wa ofisi, mtu aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, aliisaini bila kuniangalia usoni. Nikaifungia kwenye droo ya meza yetu, nikisubiri lori la Jumatatu. Droo ina ufunguo mmoja. Huwa unaning'inia kwenye msumari, kati ya kiti changu na chake.

Jumatatu droo ilikuwa tupu. Ndoyi hakuja kazini. Nilijidanganya siku nzima kwamba ameificha kwa usalama wangu.

Jana Mzee Hamisi akarudi kutoka mpakani. Ni Mwislamu wa Beni, mwenye lori, mtu anayeheshimu neno lake. Aliponiona kando ya barabara alikanyaga breki.

"Karani! Weye ungali hapa?"

Nikamwambia sina karatasi.

"Mais ndoyi yako aliniambia umebadilisha mawazo! Ati bibi yako ni mugonjwa, donc, basi, umemuachia karatasi isipotee bure. Walikuwa na haraka, niliwabeba Jumapili, siku ya mungu. Pale kizuizini askari alisoma majina moja moja. Akaita Masika, bibi akaitika. Akaita Paluku, mutoto akanyoosha mukono. Hapana hata matata kidogo."

Nikamwomba anisimulie tena, jina kwa jina.

Hakuna aliyesema uongo pale Kasindi. Hilo ndilo linalonikereketa. Kila mmoja aliitika jina lake mwenyewe. Uongo wote ulisemwa hapa, mezani petu, kwa sauti ya upole, mkono ukiwa juu ya mkono wangu. Je, alipokuwa anafuta jina langu alikuwa ananilinda, au alikuwa tayari anaipima karatasi kama mtu anavyopima koti la mwenzake? Nimewaza tangu jana. Sijui. Nafikiri ningeumia kidogo zaidi, au pungufu kidogo, kama ningejua.

Na mimi nina langu la kuungama, kwa sababu daftari hili sitaki liwe na mtakatifu. Wiki ile ndoyi aliniomba nimwandikie na yeye karatasi. Nilisema kesho. Niliogopa mkubwa akiona makarani wawili wanaondoka atakataa wote. Kesho yake mkubwa aliingia garini na mhuri wake, akashika njia ya Goma, na hajaonekana tena. Masika nilipomweleza aliendelea kumenya maharage, kisha akauliza, "Angeomba hiyo yetu, ungempa?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema. Lakini machozi yalikuwa yanadondokea ndani ya sufuria. Masika yule mwingine ndiye aliyemkata kitovu mtoto wetu mchanga.

Leo asubuhi tuligombana tena juu ya mahali. Masika bado anataka Bwera. Anasema twende tubishe hodi, tuwatoe kwa aibu mbele ya mjane, nyumba ni yetu. Nikamwambia: kule Bwera sasa kuna Kambale wa Butembo aliyefika na karatasi iliyosainiwa. Mimi nitakuwa wa pili. Wa pili ndiye mwongo. Mpakani, mwongo ni mpelelezi, na mpelelezi anarudishwa akiwa amefungwa kamba.

"Sasa unataka Kasese," akasema. "Kwenye mbu."

"Kule hakuna anayetujua."

"Na batoto utawafunika na nini? Na hicho kiburi chako?"

Alikuwa amenigusa mahali penyewe, maana ni kweli siwezi kuishi kando ya mlango ambao ndani yake mtu mwingine anaitikia jina langu, analala mahali nilipopachagua kwa ajili ya wanangu. Paluku alikuwa anapanga punje za maharage kwenye mstari, anaziita askari. Mwishowe Masika akasimama, akachukua chandarua kilichokuwa kitandani, akakikunja, akakiweka juu ya mzigo. Mimi nikaelewa ni Kasese.

Mzee Hamisi ameona haya kwa alichokibeba bila kujua. Ameapa kutuchukua hadi njia panda ya kwenda Mutwanga. Kasindi bila karatasi hawezi kutupitisha. Tunaondoka kesho, ukungu ukiwa bado chini. Kutoka Mutwanga tutapita mlimani kwa miguu, mtoto mchanga mgongoni mwa Masika, Paluku mabegani mwangu.

Daftari hili silibebi. Karatasi zenye mwandiko mzuri zinaua. Naliacha kwa mke wa Mzee Hamisi, ndani ya debe la mchele.

Kama wewe ni kaka yangu mkubwa, mwalimu wa Kayna, au mtu aliyetumwa naye, sikia. Usipite Kasindi. Nenda Mutwanga siku ya soko, simama kwenye mizani ya kahawa, mtafute mjomba wa Masika. Ni mzee mwenye jicho moja jeupe. Usimwonyeshe daftari hili, hajui kusoma na anaogopa wanaojua. Mwambie umeleta mbegu za viazi kutoka Butembo. Atakupa mtu wa kukuvusha mlimani. Ukishuka upande wa pili usilale Bwera, hata mvua ikinyesha, hata mtu wa kwetu akikuita kwa furaha. Endelea hadi Kasese, kwenye nyumba za watu wa reli, uliza kwa wanawake wanaochota maji. Usiulize Kambale. Uliza kwa jina nililobatizwa, lile ambalo sijaliandika humu mahali popote. Kaka yangu analijua. Alikuwepo kanisani, alinishika miguu nilipolia.

Kama hulijui, rudi ulikotoka. Hukutumwa kwangu.