Maziwa ya Nasra Niliyoyagawa

Mama Abdi, mke wangu,

Assalamu aleikum. Goti lako linakuacha ulale siku hizi? Na yule mbuzi wako mwenye kiburi, bado anakula nguo kwenye kamba? Mimi hapa Garissa mwili mzima, alhamdulillahi, meno pia yapo, yale yaliyobaki. Uso ndio sina. Barua hii isome peke yako kwanza.

Unajua Nasra, binti wa dada yako, ndiye aliyenipa kazi ya kulinda geti la kampuni yake ya maziwa ya ngamia. Pale kila kitu kinaamriwa na kompyuta: baridi ya matangi, vipimo, hata lori halitoki mpaka kompyuta iseme. Basi ikazima. Vijana wa Nairobi wakaibembeleza kwa simu, wapi! Kimya, kama wewe ukinikasirikia. Matangi yakaanza kupata joto, na joto la huku unalijua.

Nasra, ambaye huniita adeer, yaani baba mdogo, akaniambia, "Adeer, tuna bima ya mambo haya haya. Mtu asiguse maziwa mpaka mtu wa bima aje aone hasara. Akishaona, tutamwaga."

Tutamwaga! Tangu lini kwetu maziwa yamwagwe chini kama maji ya kuoshea miguu? Yakichachuka si yanakuwa susa, ndiyo kwanza yanakolea? Alipoingia ofisini kugombana na simu, nikafungua geti. Nikaita wenye mikokoteni ya maji, akina mama wauza miraa, watoto wa duksi waliokuwa wanatoka kusoma Qurani. "Njooni, leo tajiri ni mimi!" Wakanywa mpaka wakaniombea dua. Nikajiona sultani.

Mtu wa bima akafika na tai shingoni, jasho mpaka kwenye soksi. Mgeni ni mgeni, nikampa bakuli. Akamaliza, akaomba tena.

"Mzee, haya ndiyo yale ya kwenye matangi?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Kwani hayajaharibika?"

"Warya, wewe umekunywa mara mbili, unaniuliza mimi?"

Tukacheka sana. Nikadhani nimepata rafiki.

Sasa bima imekataa kulipa. Wanasema maziwa yalikuwa mazima, tena mlinzi wa kampuni aliyagawa sadaka kwa mkono wake, hiyo si hasara ya kompyuta. Wakili wa Nasra anasema bila vipimo vya kompyuta hakuna duka ambalo lingeyapokea, kwa hiyo yalikuwa hasara hata kama yananyweka. Wakavutana hadi nikaitwa kikaoni nitoe ushahidi. Kabla hatujaingia, wakili akaninong'oneza, "Mzee, sema tu yalikuwa yameoza."

Mama Abdi, huu ulimi wangu umedanganya watu wengi kwa mchezo, wewe wa kwanza. Siku hiyo ukagoma. Nikisema yalioza, basi wale watoto niliwanywesha uozo. Nikisema yalikuwa mazima, namzika Nasra. Nikamtazama, yeye akatazama meza. Nikasema, "Yalikuwa matamu." Hakuna aliyecheka.

Hakunifukuza. Hilo ndilo linaniua. Angenitukana ningemjibu, unanijua. Bima haikulipa hata senti, kampuni imesimama, hana cha kuanzia tena, na akina mama waliokuwa wanamletea maziwa sasa wanauza kwa madumu kando ya barabara, juani. Yeye bado anakuja asubuhi, anaketi kwenye ile ofisi tupu. Akipita getini ananiuliza, "Adeer, umekunywa chai?" Mimi nadakia ndiyo, hata kama sijanywa, ili apite upesi.

Idd hii sitakuja Masalani. Sijui nitakaaje mkeka mmoja na dada yako.

Nisalimie Abdi mwanetu, aache kunipigia simu kila siku. Nisalimie mama mkwe wangu, ambaye tangu siku ya posa alisema sina akili, mwambie nimekubali. Nisalimie na shemeji yangu fundi wa mitumbwi.

Dada yako usimsalimie kwa niaba yangu. Mwendee mwenyewe, usitume mtu. Nilimwambia kwa simu kwamba kompyuta ndiyo iliyoangusha kampuni ya binti yake, na maskini akaniombea Mungu mimi, nisikose kazi. Mwambie kompyuta iliwaka tena kesho yake. Mwambie ni mimi.

Mumeo, anayekuonea haya,
Baba Abdi