Gari la Umma

Mpendwa Baba Umma,

Wanaliuza gari lako. Najua halikuwa lako, lakini Nyasho nzima, mtaa wetu kule Musoma, ilikuwa ikiliita hivyo na mimi sikumsahihisha mtu. Lile jeusi, refu, lenye mapazia kwenye vioo vya nyuma. Wamelileta hapa Bunda, kwenye uwanja wa shirika lenu la pamba, na kuku wa mlinzi wanalala juu ya boneti. Bei yake ni ndogo mpaka inatia aibu. Injini inaumwa, na ugonjwa wenyewe unaujua wewe kuliko wao, maana ulianza ukiwa umeshika usukani.

Tangu tulipokuzika na mimi nikarudi huku kwetu Manyamanyama, nalima pamba kwenye shamba la mama. Pesa ya msimu huu inatosha mtamba mmoja mzuri, au inatosha hilo gari. Nilikosea kuuliza ushauri. Ukitaka kujua majirani wako wana akili kiasi gani, waambie unataka kununua kitu.

Mdogo wako alianza. "Shemeji, ng'ombe anazaaga. Hiyo gari itazaa nini?"

Nikamjibu, "Kuzaa nimezaa mimi. Inatosha."

Balozi wetu wa nyumba kumi naye akaja na fimbo yake, akakaa, akanywa uji wangu wote, ndipo akasema, "Mama Umma, unataka kutuletea ubwanyenye kwenye nyumba kumi zangu?" Nikamuuliza ni bwanyenye gani hununua gari lisilowaka. Alikuna kichwa. "Hao ndio wabaya zaidi," akasema, akaomba uji mwingine.

Usidhani nimepumbazwa na rangi nyeusi. Ulikuwa ukiniigizia injini ile kwa mdomo wakati wa chakula, unakumbuka? Barabara tambarare inanguruma taratibu, ukikaribia mlima wa kuingia Butiama inaanza kukohoa. "Anachemsha," ulikuwa ukisema, kama unamsema mtu. Mama yangu alipokuja kututembelea alisikiliza siku mbili, kisha akauliza, "Kama anachemshaga kila siku, si atuchemshie na sisi maji ya kuoga?" Ulicheka mpaka mwiba wa sato ukakukwama, tukakupa tonge la ugali umeze. Ulipopona ukanipa somo ambalo sijalisahau: "Usimfungue mfuniko wa rejeta akiwa na hasira. Mwache apoe, halafu mpe maji kidogo kidogo." Nimelitumia somo hilo kwa watu wengi, kuanzia na mdogo wako.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kutazama, kutazama tu, na Umma akanisindikiza. Nilifukuza kuku, nikafungua boneti, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wewe mwenyewe uliniambia maana yake: maji yameingia, gasketi imeungua, na huenda hata kichwa cha injini kimepinda. Mlinzi akaniambia, "Mama, hii ni betri tu." Nilikasirika kwa niaba yako. Vipuri navyo havipo. Hata sabuni haipo madukani, sembuse gasketi ya gari la mabwana. Na ukipata gasketi, utaanza kutafuta petroli. Hayo yote nilikuwa nayajua nikiwa nimeinamia ile injini, na bado miguu yangu haikutaka kuondoka.

Unajua kwa nini.

Siku ile uchungu uliponishika, gari lilikuwa mlangoni petu pale Nyasho, limeoshwa, limejaa petroli. Ulikuwa ukitakiwa umpeleke bwana mkubwa wako kwenye mkutano Butiama. Ulipokawia kumfuata akafika mwenyewe, nami nikawasikia kupitia dirishani, nimeng'ang'ania mguu wa kitanda. Ulimwomba mnipitishe hospitali kwanza. Hukuomba kama mlevi wala mwizi, uliomba kwa heshima, ukimwita mzee, ingawa mlikuwa rika moja. Akasema, "Dereva, hii ni mali ya umma. Si ya kubebea wake za watu."

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akavuta pazia.

Mdogo wako akaazima baiskeli. Alinikalisha kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, akaanza kusukuma, na kila shimo nililihisi mpaka kwenye meno. Hatujafika mbali, mkatupita. Vumbi lilitufunika. Ulipiga honi mara moja. Mdogo wako alidhani unatutaka tukae pembeni, akakutukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Mimi nilijua unalia. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu, maana ungeuacha ule usukani tungekula nini? Niliyemlaumu ni yule aliyevuta pazia.

Nilijifungulia kwenye nyasi, lango la hospitali nikiliona. Wanawake wawili waliokuwa wanatoka sokoni walinizungushia kanga zao, wakaacha samaki wao wadogo, furu, juani wakaliwa na kunguru. Sikuwahi kuyajua majina yao.

Ulirudi jioni, hukuvua hata kofia. Mama yako alikuwa ameshaandaa jina la bibi yake. Ulimbeba mtoto, ukamtazama muda mrefu, ukasema, "Mali ya umma. Haya. Huyu anaitwa Umma. Tuone kama watamnyima tena kilicho chake."

Mama yako alipiga yowe. "Jina la mtoto linatokaga kwa wahenga! Halitokagi kwenye mkutano!" Alisusa kula kwetu mpaka mtoto alipoanza kutambaa. Lakini jina lilibaki. Na bwana mkubwa wako alipoambiwa umempa mtoto jina hilo, alikupongeza kwa moyo wako wa kizalendo! Ulinihadithia huku unatetemeka, sijui ni kwa kicheko au kwa kitu kingine.

Halafu ile siku uliyokuwa unaliosha gari ufukweni. Watu walikuwa wachache, umelifungua milango yote lipigwe na upepo wa ziwa. Nilipitisha kiganja juu ya kiti cha nyuma, ile ngozi laini. Ukaangalia huku na huku, ukaninong'oneza, "Kaa basi. Kaa haraka." Nikakataa. Nilikwambia nitakaa siku utakayonifungulia mlango wa nyuma kweupe, watu wakiona, bila kuangalia huku na huku. Ukasema, "Itafika." Nilikupenda sana kwa neno lile, hata kama hukuwa na pa kulitoa.

Haikufika. Ulikufa ukiwa dereva mwema, mwenye barua nzuri ya shukrani, na hukuwahi kukaa nyuma hata wewe.

Sasa sikia kilichotokea leo. Karani wa uwanja alituona tumesimama sana, akaja na kitabu chake. Kijana msafi, ana haraka. "Mama, kama unachukua sema, kuna mtu wa Musoma anakuja kulikata vyuma. Risiti niandike jina gani?"

Sikuwa nimeamua, haki ya Mungu. Neno lilitoka lenyewe. "Umma."

Akacheka. "Hapana mama. Hii ilikuwaga ya umma, ndiyo tunauza. Nipe jina la mtu."

"Ndilo jina la mtu."

"Mama, umma siyo mtu."

Binti yako akasogea mbele. Unajua alivyo mrefu sasa, ana mabega yako. Akasema, "Shikamoo. Ni mimi."

Karani akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaangalia kitabu. Pale ndipo nilipoamua, Baba Umma. Nimeambiwa neno hilo maisha yangu yote. Shamba la umma nimelilima, ghala la umma nimelijaza, mikutano ya umma nimekaa chini juani nikapiga makofi, na nilipohitaji kubebwa nikaambiwa umma ni mwingine. Nikamwambia karani aandike, na aandike kwa herufi kubwa. Nilifungua fundo la kanga, nikalipa pale pale.

Waseme. Balozi ameshatangaza kwamba nimerogwa. Likikataa kuwaka milele, litakaa mlangoni kwangu na mimi nitakaa kiti cha nyuma nikimenya mihogo, mapazia wazi. Likikubali, mwanamke yeyote wa hapa akishikwa na uchungu ataingia kwa mlango wa nyuma, na sitamuuliza ni mke wa nani.

Jioni hii mdogo wako amekuja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alivuta kigoda, akauliza nitalitoaje uwanjani. Nikamwambia kwa maksai, nimeshaazima jozi mbili na mnyororo. Akasema, "Utahitaji mtu wa kuwaswaga." Nikamuuliza si alisema ni upuuzi. "Ni upuuzi," akasema. "Lakini siku ile nilisukuma. Kesho nitavuta."

Basi kesho kweupe tunapita katikati ya Bunda. Mdogo wako mbele na mjeledi, mimi kwenye usukani wako, na Umma nyuma, peke yake, kiti kizima. Mlango nitamfungulia mimi, kwa kuwa wewe hupo, na sitaangalia huku na huku. Honi imekufa pamoja na betri. Tukifika mbele ya zahanati nitaipiga kwa mdomo, ile ile yako, mara moja.

Ukiisikia huko uliko, usikae pembeni.

Mkeo,
Mama Umma