Nyumba ya Magurudumu Tuliyoikagua Thika

Kiuu, Ruiru
Jumapili, tarehe 16 Februari

Wapendwa Baba na Mama,

Niliahidi kuwaeleza kila kitu kuhusu gari tulilokwenda kuangalia jana, hata yale ambayo ningependa kuyaruka, na ahadi hiyo nitaitimiza. Lakini kwanza niwajulie hali. Kikohozi cha mdogo wangu Wairimu kimepungua? Mashine ya kuchimba visima imeshahama tena, au bado mko palepale Laisamis? Na hema lililopasuliwa na upepo, mmelishona? Mimi ni mzima. Tata na mumewe, Mjomba Njoroge, wananitunza vizuri, na masomo ya Gredi ya Tisa nimeyazoea, isipokuwa majaribio ya hesabu ya kila Ijumaa.

Baba, ulisema Mjomba aangalie injini kwa kuwa yeye ni makanika, na mimi niangalie nyumba kwa kuwa sina haraka. Tulifanya hivyo. Gari liko Thika, karibu na maporomoko ya Chania, katika ua wa Mzee Harjit, Msikh ambaye amekuwa seremala maisha yake yote. Alinunua lori dogo kuukuu, akajenga nyumba juu yake kwa mikono yake ili yeye na mkewe waizunguke nchi uzeeni. Walizunguka miaka michache. Sasa magoti ya mama huyo hayapandi tena ngazi ya gari, ndiyo maana wanaliuza.

Mjomba aliingia chini ya gari na tochi, akatoka akiwa ameridhika. Mimi nilipofika mlangoni nilivua viatu. Mjomba akacheka.

"Wee Nyambura, hii ni gari. Si nyumba ya pasta."

"Wacha yeye," Mzee Harjit akamwambia. "Mtoto anaona nyumba, anavua viatu. Amefundishwa."

Nilianza na kuta. Niligonga kwa kidole kila hatua kama ulivyonielekeza, Baba, na sauti ilikuwa moja, kavu. Mbao zimekazwa kwa skrubu, si misumari. Droo zinafunguka bila kukwama. Nilipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na sikuona kiputo hata kimoja cha gesi inayovuja. Kwa kuwa Mjomba ana kimo chako, nilimwita asimame katikati. Kofia yake iligusa dari, kichwa hakikugusa. Kitanda chenu ni kipana, na cha Wairimu kinakunjwa ukutani mchana. Mama, jikoni kuna dirisha. Nilianza kuwaona mkiishi humo, na vumbi limebaki nje.

Kisha nikasogea kwenye kabati lililo chini ya dirisha hilo, na soksi yangu ya kushoto ikalowa.

Nilirudi hatua moja nyuma. Niliwaza kwamba mtu aliyeingia na viatu asingejua. Mjomba alikuwa mlangoni na aliona alama ya unyayo wangu sakafuni. Akanijia karibu akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni maji ya kuosha tu. Ukimwandikia baba yako mambo ya maji ataogopa, na watabaki kwa hema. Injini kama hii hawatapata tena."

Mjomba hakusema hivyo kwa ubaya. Anawahurumia. Mimi pia nilitamani yawe maji ya kuosha tu, nilitamani sana. Ndipo nikauliza, "Mzee, leo umeosha sakafu?"

"Sakafu hapana. Asubuhi naosha juu na nje, na mpira wa maji, gari ipendeze kwa wageni."

Nikamwonyesha soksi. Hakubisha. Alikunja kapeti ya plastiki, akachomeka bisibisi kwenye ubao, nayo ikaingia kama kwenye ndizi iliyoiva. Akakaa palepale sakafuni na kilemba chake, akaifuta bisibisi kwenye suruali.

"Dirisha hii nilikata mwisho," akasema. "Mama alitaka kuona nje akipika chapati. Nikaharakisha, haikuziba vizuri."

Mkewe alikuwa ameketi uani, akasikia. "Basi sema mimi ndiyo nimeharibu gari."

"Si wewe. Mimi naharakisha sababu wewe unapiga kelele."

Mama huyo alicheka. Mzee alijaribu kucheka.

Baada ya hapo aliinua kapeti yote mwenyewe, kona hadi kona, ili nione. Sehemu iliyooza ni kama upana wa dawati langu la shule. Kwingine ni pakavu. Akaniambia, "Andikia baba yako hivi hivi ulivyoona. Mimi natoa hiyo mbao na kabati, dirisha naweka upya. Lakini mkono wangu unatetemeka sasa. Nataka mtu ashike upande ile ingine."

Mjomba alijikuna shingo. "Jumamosi nitakuja," akasema. "Na huyu mkaguzi wangu."

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, nyumba ni nzuri na ina ugonjwa mmoja, ambao mwenyewe ameukubali. Mtu mmoja kutoka Theta analitaka pia gari hilo, ila mzee atamngojesha mpaka mjibu. Mjomba amesema niwaandikie pia kwamba alikosea kuninyamazisha.

Tata anawasalimu, na anasema Mama asibebe mitungi mizito ya maji peke yake. Nisalimieni Wairimu na Mzee Lekuton, mlinzi wa kambi, aliyenifundisha kufunga kamba za hema. Barua hii inakuja na lori la mabomba, na dereva anarudi Ijumaa, basi naomba mnijibu kupitia kwake.

Kuna jambo moja ambalo mzee anahitaji kulijua kabla hajakata mbao mpya, nami nalihitaji zaidi yake. Mkilinunua gari, kabati lile lililooza litavunjwa na nafasi itabaki wazi. Nimeipima kwa futi kamba. Mtu wa urefu wangu anaenea, akikunja magoti kidogo, na shule tunafunga Aprili. Je, ajenge kabati jingine la masufuria ya Mama, au ajenge kitanda?

Binti yenu,
Nyambura