Nilitoa Ushuhuda wa Kazi Nisiyo Nayo

Mpendwa Mama Teresiah, naomba msaada wako kabla mwezi huu wa Machi haujaisha, maana ukiisha mdogo wangu atakuwa ameharibikiwa kwa ajili yangu.

Mimi ni Mkenya, nilikuwa mlinzi hapa Dubai kwenye ghala lililokuwa likijengwa Ras Al Khor, mwaka huu wa 2009 ujenzi ukasimama, na siku kumi na nane zilizopita msimamizi akatuita akasema khalas, kazi imeisha, rudisheni sare, visa zimefutwa, mna siku thelathini za kuondoka, na mimi sare sikurudisha. Tunaishi wanane chumba kimoja Al Nahda na nilishindwa kuwaambia, kwa hiyo kila asubuhi napiga shati pasi, napanda basi, nakaa kwenye geti lile lile kulinda nondo zenye kutu, na jioni wakiniuliza, "Duty ilikuwaje?" nasema poa tu.

Mwanzoni nilikuwa na Wilmer, Mkolombia fundi wa dari, tuliachishwa siku moja, tukawa tunagawana mkate pale getini. Alinieleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba alikuwa Marekani, na nyumba zilipoacha kujengwa Walatino wenzake wakawa wa kwanza kuachishwa, shemeji zake wawili hadi leo wanasimama barabarani kungoja kibarua, ndipo yeye akaja huku. Wiki jana alimpigia mama yake simu mbele yangu, akasema ukweli, akalia, mama akamwambia rudi, akarudi. Tangu aondoke sijasema na mtu neno la kweli, Mama, mchana kutwa nasikia mabati yakigongana tu, na nina upweke sijawahi kuujua.

Sasa kosa langu ni hili. Ijumaa iliyopita kwenye ushirika wetu Deira mchungaji aliuliza nani ana ushuhuda, wenzangu wa chumba wakanisukuma, "Simama bro, wewe kazi yako haijaguswa!" nikasimama, nikasema Mungu amenilinda, tena kampuni inatafuta walinzi wengine, na kanisa zima likapiga makofi. Mercyline, tunayetoka naye kijiji kimoja, akapeleka habari nyumbani. Mdogo wangu Linus ni mwalimu, alingoja kuajiriwa na serikali miaka sita, na sasa anasema tarehe thelathini anapeleka barua ya kuacha kazi aje huku. Nikimpigia anapokea kwa haleluya, nakata simu. Nifanyeje?

Mlinzi Asiye na Lindo, Al Nahda

Mwanangu Mlinzi,

Pole, tena pole sana. Kuachishwa kazi si dhambi. Wilmer hakuwa mvivu, shemeji zake si wavivu, na wewe si mvivu, maana mvivu gani hupiga pasi ili akalinde nondo za watu bure? Lakini hapo kwenye ushuhuda umenikasirisha. Uongo wa chumbani ulikuumiza wewe. Huu wa kanisani unakwenda kumtoa mwalimu darasani.

Mficha uchi hazai. Mpigie Linus leo, ukimaliza tu kusoma hapa. Akianza haleluya mwache amalize, kisha mwambie, "Linus, sina kazi, usipeleke barua." Maneno matano. Usimwambie "ngoja kwanza", kwa sababu mtu mwenye matumaini akiambiwa ngoja huona anaonewa wivu. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike akiwa bado ana kazi yake.

Kesho rudisha sare kabla hujaitwa mwizi, na usikanyage tena geti lile. Siku zako zilizobaki zitumie kutafuta arbab mwingine, mwajiri wa kukudhamini visa. Usipompata, panda ndege urudi kwenu bila kujificha, kama alivyorudi mwenzako.

Halafu Ijumaa, mchungaji akiuliza nani ana ushuhuda, simama tena, safari hii bila kusukumwa. Ukishasema ukweli usikimbilie kukaa. Watazame usoni wale waliokupigia makofi, kwa maana mwaka huu, mwanangu, sidhani ni wewe peke yako unayepiga sare pasi asubuhi bila kuwa na pa kwenda.