Tambarare ya Kwetu

Doris pokea simu basi!! Nina hasira kweli.

Lile gari langu la kulala watalii, si unajua nimeliegesha kihambani kwa mama, kwenye shamba letu la migomba? Friji yake ya gesi imegoma kupoza. Gesi ipo, moto unawaka, ila ndani joto kama jikoni. Nyama ya wageni wa kesho yote inanuka!

Nikamwita fundi Yoramu wa Chekereni kule chini. Hata boksi la spana hakufungua. Anazunguka gari huku anacheka!! Eti, "Dada, friji ni nzima. Gari ndilo limeinama. Friji hizi za gesi zisipokaa sawa hazipozi."

Limeinama?! LIMEINAMA?! Nikamwambia hapa ndio tambarare kuliko kote kihambani, hapa ndipo tulipofunga turubai la harusi ya Stella! Mama naye akadakia, "Tambarare kabisa, baba."

Yoramu akachukua chungwa, akaliweka taratibu sakafuni mwa gari.

Doris. Chungwa likatoka mlangoni lenyewe, likabiringika kwenye migomba mpaka kwenye banda. Ng'ombe akalila.

NG'OMBE AKALILA, Doris. Mama kacheka mpaka kakaa chini.

Sasa eti gari nilishushe Chekereni, huko ndiko kuna usawa. Thubutu! Nimeshika jembe hapa, nachimba chini ya matairi ya upande wa juu. Friji itapoza hapahapa mlimani.

Na bado nasema hapa ni tambarare. Lile chungwa ndilo lilikuwa la mviringo mno.