Neno la Viatu Umeliacha

Nyumbani, juu ya gati,
Jumapili, 14 Oktoba.

Mwanangu mpendwa Kijiti,

Salamu nyingi kutoka kwangu mama yako, na baada ya salamu nataka kujua hali yako. Kifua kimepona? Unakula, au unashindia chai? Sisi huku wazima. Bibi yako mzima, analalamika masikio, lakini ukitajwa wewe anasikia hata akiwa uani. Dada yako mzima, shemeji yako mzima, boti yake ndiyo mgonjwa. Mapacha wao wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wakicheka ni kama milango miwili imeachwa wazi. Mimi pia mzima, ni hili goti tu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Dada yako alitaka kuniandikia nikakataa, maana angeanza na hasira na hizo salamu usingezipata.

Wiki iliyopita boti ilileta wageni tisa pale kwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka. Watu wazuri, wanasalimia. Wamekuja kutembea mlimani, kuogelea na kutazama ndege. Siku ile ile nikitandika kitanda nikaona kijitabu cha kuongoza watalii, cha hapo kazini kwako, juu ya mto, na nyuma yake picha yako, umevaa shati nililokushonea. Mwanangu, nilikimbia nacho mpaka jikoni na mashuka begani. Mpishi alikiona, mfagiaji alikiona, hata mgeni mwenyewe nikamwonyesha, utadhani si chake. Nikawaambia huyu nimemzaa mimi.

Nikakiazima, jioni dada yako akatusomea, mimi na bibi yako. Kurasa za fukwe nzuri sana, bibi yako akawa anaitikia kama yuko kwenye hotuba. Kisha akafika kwenye njia ya jabali la ndege. Pita tangi la maji lililotoboka, fuata ukuta wa mawe mpaka kwenye mti uliolazwa na upepo, kisha hatua themanini, za polepole, kama unakwenda kwa jirani kuomba chumvi. Hapo dada yako akakishusha kijitabu, akaniangalia. Akasema, "Mama, haya si maneno yako?"

Yalikuwa yangu. Mwezi wa nne uliniandikia kwamba umemkumbuka baba yako mpaka usingizi hauji, nikukumbushe njia aliyokuwa akikupitisha. Nililia nikiisoma. Nilipanda tena mpaka juu na goti hili, nihesabu hatua zisije zikakosea, kisha nikakuandikia karatasi tatu kwa siku mbili. Nilidhani namtuliza mtoto mwenye majonzi.

Na yote umeyaweka, hata chumvi. Neno moja tu umeliacha, la viatu. Unajua wale ndege wanachimba, makinda wao wanakaa gizani, chini ya udongo kidogo tu. Unajua baba yako hakumpitisha mtu kwenye ule mti kabla hajavua viatu, maana mguu mtupu unasikia ardhi ikiwa na uwazi chini, na kiatu hakisikii. Hilo nililiandika la kwanza, nikalipigia mstari.

Asubuhi yake nilipofika kuwazuia, wageni walikuwa wameshatoka. Nikawafuata. Niliwakuta wamesimama hawathubutu kusogea, mama mmoja mguu umezama mpaka gotini, analia, anauliza amekanyaga nini. Sikuweza hata kumkasirikia. Tulifukua kwa mikono. Mashimo kumi na moja yalikuwa yameporomoka. Makinda wanne tuliwatoa hai. Mmoja alikuwa ananidonoa kidole, anadhani ni mama yake amerudi na samaki.

Mtunza ndege, yule rafiki wa baba yako, aliuliza ni nani aliyeitoa njia. Nikasema ni mimi. Sikudanganya, maneno ni yangu. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu, akaomba ufunguo wa kile kibanda cha juu ambamo koti la baba yako bado linaning'inia. Msumari wa ufunguo nyuma ya mlango wetu sasa mtupu. Kila nikipita naupapasa.

Mwanangu, boti inarudi tarehe thelathini na wageni ishirini, na makinda bado hawajaweza kuruka. Nenda kwa mkubwa wako, mwambie ukurasa ule utolewe, na wote waliokwisha kupewa wapigiwe simu. Ukiona aibu, sema ni mama yako anayekusumbua. Mimi nimeshazoea kusingiziwa usumbufu.

Bibi yako anakusalimu, hajaambiwa habari ya mashimo. Mapacha wanakusalimu. Dada yako hakusema nikusalimie, ila aliuliza kama bahasha nimeifunga vizuri. Nisalimie mama mwenye nyumba wako, na yule binti uliyemtaja mara moja kisha ukanyamaza. Mungu akufunike uendako, akurudishie usingizi.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda hata leo.

Nijibu upesi, boti ya barua inapita kila Jumatano. Kama ya kijitabu ni marefu yaache kwanza, nijibu hili moja tu: uliponiandikia kwamba umemkumbuka baba yako, ulikuwa umemkumbuka?